MAPATANO YA MWENYE NYUMBA NA FUNDI

Katika darasa iliyopita ndugu mmoja alituuliza: atakaye kujenga nyumba yake apatane vipi na fundi? Swali hili tumelipenda, kwani ni wengi tunaoletewa kuwasuluhisha ambao nyumba zao zimesimama kwenye linta.

Yapasa ijulikane kwanza kuwa mapatano haya si ya namna moja. Ukinunua wewe mwenyewe mawe, simenti, nondo na mbao, na fundi akaleta mikono yake tu, hiyo ni ijara. Ukimwachia vifaa na kazi pamoja, hiyo ndiyo istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliitia istisnaa katika hukumu ya salam, ambayo sharti thamani yake yote itolewe pale pale penye mapatano. Mahanafi wakaijuzisha peke yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, liliijuzisha na kuruhusu malipo kwa mafungu, madhali kazi imebainishwa sifa zake na muda wake. Na katika kikao cha Doha mwaka 2003 lilikubali njia tatu za bei: bei moja kwa kazi nzima, bei kwa kipimo, kama vile kwa kila futi ya ukuta, na gharama halisi pamoja na faida ya kiasi fulani kwa mia.

Ipi ichaguliwe? Sisi twaona mwenye nyumba ajiulize kwanza: naijua nyumba yangu? Ikiwa ramani imekamilika na hata milango imechaguliwa, bei moja ndiyo salama, khaswa kwa aliye baharini au Arabuni kwa kazi, asiyeweza kuisimamia. Ikiwa ramani ingali kichwani, bei moja ni kujidanganya. Fundi mwenye hadhari ataipandisha kwa hofu. Na fundi mwenye shida ataishusha apate kazi, kisha simenti ipungue katika zege. Na msingi, ambao kina chake hakijulikani mpaka uchimbwe, heri ulipwe kwa kipimo, ijapokuwa nyumba iliyobaki ni kwa bei moja.

Njia ya gharama na faida yamfaa mwenye kutengeneza nyumba ya kale, mfano wa zile za mawe za Lamu au za Mji wa Kale wa Mombasa, ambapo ukibandua chokaa ndipo uonapo boriti ipi imeoza. Lakini mwenye kupewa kumi kwa mia, chumo lake huzidi kila gharama izidipo. Kwa hivyo kikao cha Doha kilimlazimisha alete hesabu zilizopambanuliwa. Asiyeweza kuzisoma risiti na apatane naye ujira maalumu usiopanda.

Mwaka uliopita tuliletewa mama mmoja mjane na fundi wake, nao ni jamaa. Walipatana kwa mdomo, bei moja. Kazi ikiendelea mama akasema, "Mwanangu, nijengee na baraza hapo mbele." Fundi akaitika, "Haya, mama," akajenga. Mwishowe akadai thamani yake. Mama alidhani ni ihsani. Hakuna aliyesema uwongo, na nyumba ikakaa bila milango mvua zote za masika. Tulipowauliza kama waliandikiana, wote wawili walitazama chini, wakasema waliona haya.

Haya hiyo yatustaajabisha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Nasi twasema kuandikiana ni kutoaminiana!

Basi na iandikwe kazi, aina ya vifaa, siku ya kumaliza, na malipo yanayofuata kazi iliyokwisha: msingi, kuta mpaka linta, paa, kisha plasta. Na litakaloongezwa, bei yake iandikwe kabla jiwe lake la kwanza halijawekwa. Mama yule na fundi wake tumewaandikia hivyo kwa kazi iliyobaki, na mlango wa mbele umekwisha kutiwa.