Upungufu wa G6PD: Damu Inayochagua Dawa

Takriban watu milioni 400 duniani wana upungufu wa G6PD, na wengi wao husoma, huoa au kuolewa, na kuzeeka bila hata kuusikia. Umeenea zaidi pale ambapo malaria imewahi kukaa karne nyingi: Afrika kusini mwa Sahara, nchi za Mediterania, Ghuba na Asia. Haya ni maswali ambayo wagonjwa na wazazi huuliza baada ya kuziona herufi hizo kwenye majibu ya maabara.

G6PD ni kitu gani?

Ni kimeng'enya. Kimo katika seli zote za mwili, ila seli nyekundu za damu ndizo zinazokitegemea kufa na kupona. Kimeng'enya hiki huitumia glukosi kutengeneza kinga dhidi ya kemikali zinazochoma seli kwa ndani. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujiundia kimeng'enya kipya. Huishi siku kama 120 kwa akiba iliyozaliwa nayo. Jeni ya G6PD ikiwa na mabadiliko, akiba hiyo huwa ndogo au huisha mapema. Ikiingia dawa inayozalisha kemikali hizo, himoglobini huharibika na seli hupasuka.

Aina inayopatikana sana Afrika huitwa A hasi. Kwa mwenye aina hii seli changa huwa na nguvu, seli zilizozeeka ndizo zinazovunjika. Aina ya Mediterania, ambayo Oman na Ghuba wanaifahamu vizuri, ni kali zaidi, kwa kuwa hata seli changa hazina kimeng'enya cha kutosha.

Je, ni ugonjwa?

Ni hali ya kurithi, na siku nyingi haina dalili yoyote. Matatizo huja baada ya kichocheo: dawa, maambukizi makali, au chakula fulani. Siku moja hadi tatu baadaye mtu huchoka ghafla, macho huwa ya njano, na mkojo hutoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mkojo wa namna hiyo haungoji kesho, nenda hospitali.

Mbona wavulana ndio wengi?

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume anayo X moja tu, hana ya kumsaidia. Mama mwenye X moja yenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto wa kiume anayemzaa. Baba mwenye upungufu hampi mwanawe wa kiume kasoro hiyo kamwe, ila kila binti yake huipokea jeni hiyo. Asilaumiwe mtu, hakuna anayechagua kromosomu.

Dawa zipi ni za kuangalia?

Primakwini, dapsoni, nitrofurantoini na methilini bluu. Primakwini ndiyo iliyofichua jambo lenyewe. Wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, waliambukizwa malaria ili dawa zijaribiwe juu yao, na baadhi ya wafungwa weusi wakavunjikiwa damu. Mwaka 1956 watafiti walitangaza kuwa chanzo ni upungufu wa kimeng'enya hiki. Elimu hiyo tunaitumia leo, lakini ilipatikana kwa watu ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa wa mashaka. Afrika nayo ilipata funzo lake: Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyohiyo ya kuvunja damu.

Dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini haina tatizo hili. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, Shirika la Afya Duniani linaruhusu itolewe bila kupima G6PD kwanza.

Niache maharage?

Hapana. Maharage yetu ya kila siku hayana shida. Yanayokatazwa ni yale mapana ya Kiarabu yanayopikiwa ful. Ndugu walioko Muscat na Dubai ndio wa kuyaangalia.

Na kipimo cha sukari?

Hapa hata baadhi ya wahudumu wa afya hupitiwa. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu husoma sukari iliyoganda kwenye himoglobini. Seli zikifa mapema, sukari haipati muda wa kuganda, na majibu hutoka chini kuliko hali halisi. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kuwa kwa wanaume Wamarekani weusi wenye aina ya A hasi, kipimo hiki kilishuka kwa pointi 0.8 hivi za asilimia. Kiasi hicho chatosha kumwambia mgonjwa wa kisukari kwamba ni mzima. Mwenye upungufu huu aombe pia sukari ya damu ipimwe akiwa hajala.

Mtoto mchanga je?

Macho au ngozi ikiwa ya njano, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, mpelekeni hospitali mara moja. Umanjano ukizidi hudhuru ubongo, ilhali mwanga maalumu huutibu. Nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini asivalishwe kabisa.

Nipime lini?

Usipime wakati damu inavunjika au mara tu baada yake. Seli zilizozeeka zitakuwa zimekufa, changa zitabaki, na huenda maabara ikasema uko sawa. Subiri kama miezi mitatu. Majibu yakithibitika, yaandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, na umwonyeshe muuza dawa kabla hajakufungia chochote.