Homa ya mtoto: si kila mara malaria

Kwale malaria ipo, lakini homa kali huenda ikawa ya uti wa mgongo, inayoweza kuua kwa saa chache.

1. Angalia shingo kukakamaa, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, degedege.
2. Mtoto mchanga: gusa utosi, ukivimba, au akikataa titi, ni hatari hata shingo ikiwa laini.
3. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni.
4. Usianzie kwa mganga wa nyuni (degedege) wala antibayotiki za dukani.
5. Kimbilia kituo cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, hata usiku.
6. Usikatae kipimo cha maji ya uti wa mgongo, hakilemazi.
7. Kamilisha sindano zote za matibabu, hata homa ikishuka.
8. Ili kumkinga, mpe chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.