Ndege Nyuki Inapotua Pasipotarajiwa: Namna ya Kuitafuta Bila Kuleta Madhara

Ndege nyuki, yaani chombo kidogo kirukacho bila rubani ndani yake, si kitu kigeni tena katika miji yetu. Mwaka 2015 vyombo vya namna hii vilitumika jijini Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria kupiga picha za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, ili ramani za mitaa zichorwe kwa usahihi. Siku hizi wapo pia wanaovirusha kwa burudani: kupiga picha za bahari, za harusi, au kufurahia tu kupaa kwake.

Somo hili ni kwa ajili ya mrushaji wa burudani ambaye chombo chake kimeshuka kwa dharura na hakionekani. Tumechagua eneo la Upanga kuwa uwanja wa somo kwa sababu ugumu wote wa kutafuta mjini umekusanyika hapo: majengo ya ghorofa yanayopakana, miembe mikubwa, nyaya za umeme, shule, hospitali na maeneo ya ulinzi. Hapo haki mbili hukutana. Mwenye chombo ana haki ya kupata mali yake, na jirani ana haki ya kutoingiliwa nyumbani kwake. Funzo letu ni moja: ndege nyuki hutafutwa kwanza katika kumbukumbu zake, kisha ndipo hutafutwa kwa miguu. Anayeanza na miguu huchoka bure, na pengine huumia au kumuumiza mwenzake.

Kibali hutangulia

Urushaji wa ndege nyuki nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na kanuni mahsusi za vyombo hivi zilitungwa mwaka 2018. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo huhusika katika utoaji wa vibali. Mtumiaji asidhani kwamba udogo wa chombo unamwondolea wajibu. Ulizia masharti TCAA kabla ya kununua, na uyaulizie tena kabla ya kurusha mahali papya. Upanga ni eneo nyeti: ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, yapo maeneo ya jeshi, na Ikulu haiko mbali. Aliye na vibali mkononi huweza kujieleza kwa mlinzi, kwa polisi na kwa jirani. Asiye navyo hujikuta akitafuta kwa kujificha, na kutafuta kwa kujificha ndiko kunakozaa ajali.

Dakika za mwanzo

Mawasiliano yakikatika, usikimbie. Simama ulipo, kisha fanya mambo manne kwa utaratibu.

1. Usizime rimoti wala simu. Piga picha ya skrini inayoonyesha mahali pa mwisho, kimo, mwelekeo na kiwango cha betri. Andika pia saa.

2. Kumbuka namna chombo kilivyoshuka. Je, kilianguka ghafla kama jiwe, au kilikuwa kikishuka polepole kwa sababu ya betri kuisha? Majibu haya mawili hupeleka utafutaji katika njia mbili tofauti.

3. Tazama upepo. Angalia majani, nguo zilizoanikwa au bendera iliyo karibu, uandike unakoelekea.

4. Tumia kipengele cha kutafutia chombo kilichomo katika programu yako. Aina nyingi zinaweza kuamriwa kutoa mlio na kuwasha taa, mradi betri ina nguvu na mawimbi yanafika. Nguvu hiyo hupungua kila dakika, ndiyo maana hatua hii haingoji kesho.

Kusoma mahali

Programu huandika mahali kwa nambari mbili, latitudo na longitudo. Kwa Upanga, latitudo ni takriban -6.80 na longitudo ni 39.28. Alama ya kutoa mbele ya sita si pambo: inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta. Anayeisahau wakati wa kunakili atapelekwa na ramani yake hadi Ethiopia.

Kila tarakimu ina uzito wake. Tofauti ya 0.0001 ya nyuzi ni takriban mita 11 ardhini, na tofauti ya 0.00001 ni mita moja na kidogo. Kwa hiyo nakili tarakimu zote zilizopo. Ukikata mbili za mwisho, umejiongezea nyumba kadhaa za kupekua. Hata hivyo, setilaiti nazo hukosea kwa mita chache, na zaidi kidogo katikati ya maghorofa. Chora duara la mita 20 kuzunguka nukta ya mwisho, uanzie humo.

Kusoma kimo

Hapa ndipo wengi hukosea. Kimo kinachoonyeshwa na programu kwa kawaida hupimwa kutoka mahali chombo kiliporukia, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake. Aliyerushia juu ya paa ana sifuri yake juu ya paa.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Kijana mmoja wa Upanga Magharibi, akiwa na vibali vyake, alirusha chombo kutoka paa lenye kimo cha mita 12. Kilipokuwa kikirejea, betri iliisha nguvu, kikajishusha chenyewe na mawasiliano yakakatika. Yeye na wadogo zake walipekua nyua na mitaro kwa siku mbili. Siku ya tatu mdogo wake mmoja alikwisha kuvua viatu apande mwembe ulioshikana na nyaya za umeme, kwa kuwa mtu fulani alidhani ameona kitu cheupe kileleni.

Jibu lilikuwa ndani ya simu tangu siku ya kwanza. Kimo cha mwisho kilichoandikwa kilikuwa -3. Toa mita 3 katika 12, zinabaki 9. Chombo hakikuwa ardhini. Kilikuwa mita tisa juu yake. Katika duara la mita 20 kulikuwa na kitu kimoja tu chenye kimo hicho, nacho ni paa la jengo la jirani. Mlinzi alipopanda kwa ngazi ya jengo alikikuta kimelala nyuma ya tangi la maji. Yule kitu cheupe mtini ulikuwa mfuko wa plastiki.

Ramani huonyesha mahali palipo katika jengo, lakini haionyeshi ni ghorofa ya ngapi. Kimo ndicho kinachochagua kati ya paa, roshani, mti na ua.

Kusoma upepo

Chombo kilichozimika ghafla huanguka karibu na nukta ya mwisho. Chombo kinachojishusha kikiwa bado kinapokea setilaiti nacho hushuka karibu wima. Lakini kilichopoteza setilaiti huchukuliwa na upepo. Hesabu yake ni rahisi: kikishuka kutoka mita 60 kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, kitatumia sekunde 30. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utakuwa umekisukuma mita 150, yaani mitaa miwili au mitatu.

Wavuvi na manahodha wa pwani yetu wanazijua pepo hizi kwa majina. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Chombo kilichopotelea Upanga kitasukumwa kuelekea Kariakoo. Kusi, inayotawala katikati ya mwaka, hutoka kusini-mashariki, nayo hukisukuma kuelekea bonde la Msimbazi. Mchana upepo wa baharini nao huongeza nguvu yake. Basi ukimaliza duara la kwanza bila mafanikio, tafuta katika ukanda mwembamba unaofuata upepo, badala ya kutawanyika pande zote.

Ukitembea katika ukanda huo, beba rimoti ikiwa imewashwa. Mawimbi yakirudi hata kwa sekunde chache, kamera inaweza kukuonyesha inachokitazama: majani, bati, ukuta wa rangi fulani. Wakati wa magharibi nao ni mzuri, kwa kuwa taa ndogo zisizoonekana mchana huanza kuonekana. Tazama ukiwa barabarani au kwenye roshani uliyokaribishwa.

Hodi kabla ya hatua

Kuwa mwenye mali hakukupi ruhusa ya kuingia katika ua wa mtu, wala kuruka ukuta, wala kupanda paa la jengo lisilo lako. Anza kwa mlinzi au msimamizi wa jengo. Kama hapana mlinzi, bisha hodi. Maneno yenyewe hayahitaji kuwa marefu:

"Hodi! Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni jirani yenu wa jengo la pili. Ndege yangu ndogo imeanguka, na kumbukumbu zinaonyesha huenda iko juu ya paa lenu. Naomba msimamizi atutazamie. Mimi nitasubiri hapa chini."

Mwenye nyumba akiuliza kama kamera ilikuwa ikipiga picha, mwambie kweli, na umwonyeshe akitaka. Hofu yake ina msingi: taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama picha za ua wake zimo, zifute mbele yake. Ikiwa mnashindwa kuelewana, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe kiongozi akusindikize. Na ikiwa chombo kimeharibu bati, kioo au gari, jitambulishe na mzungumze fidia kabla ya kukichukua.

Mahali pasipofuatwa

Kuna mahali ambapo mwenye chombo hatakiwi kukifuata mwenyewe, hata akikiona kwa macho.

Kwenye nyaya za umeme au transfoma: usitumie mti, fimbo wala jiwe. Toa taarifa TANESCO, uwazuie watoto wasisogee.

Ndani ya eneo la jeshi, la polisi au jengo la serikali: nenda lango kuu na vitambulisho na vibali vyako, ueleze. Usichungulie ukutani wala usirushe chombo cha pili kukitafuta cha kwanza.

Hospitalini: waone walinzi. Usipite wodini.

Kwenye mikoko na tope karibu na Daraja la Selander: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tope humshika mtu miguu. Ngoja maji yapwe, na usiende peke yako.

Ikipatikana

Usiiwashe papo hapo. Betri zake ni za lithiamu, nazo zikipigwa kishindo zinaweza kuwaka moto hata baada ya muda. Iliyovimba, iliyotoboka, yenye joto au harufu kali usiichaji tena wala usiiingize ndani ya nyumba. Iweke nje juu ya mchanga, mbali na vitu vinavyoshika moto. Iliyolowa maji ya chumvi ihesabu kuwa hatari hata kama inaonekana kavu.

Kabla hujaifungua, piga picha hali yake na uhifadhi kumbukumbu za safari. Kama unaamini chanzo ni kasoro ya bidhaa, kumbukumbu hizo pamoja na risiti ndizo ushahidi wako mbele ya muuzaji, na akikataa kukusikiliza, mbele ya Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Fundi asiye na idhini akishaifungua, muuzaji anaweza kudai kasoro ililetwa na fundi.

Isipopatikana

Toa taarifa ya upotevu polisi ukiwa na nambari ya utambulisho wa chombo. Waarifu pia mlinzi, wenye vibanda na ofisi ya mtaa. Mara nyingi kilichopotea mjini huwa kimeokotwa. Hapa kibandiko chenye namba yako ya simu kina thamani kubwa. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, humtazama kwa namna tofauti mtu aliyeokota kitu ambacho kwa sababu za msingi anaamini mwenyewe hawezi kupatikana, na yule aliyejitwalia kitu ambacho mwenyewe anajulikana. Kibandiko cha shilingi chache humwondolea mwokotaji mwaminifu shaka, na asiye mwaminifu humwondolea kisingizio.

Kabla ya safari ijayo

Bandika namba ya simu kwenye mwili wa chombo na ndani ya nafasi ya betri. Nakili nambari ya utambulisho na uitunze mbali na chombo. Subiri setilaiti za kutosha zipatikane ndipo upae. Pima au kadiria kimo cha mahali unaporushia, ukiandike. Weka kimo cha kurejea kiwe juu ya jengo refu kuliko yote yaliyo jirani. Rejea betri ikiwa bado na akiba, hasa unaporudi dhidi ya upepo.

Maswali ya kujipima

1. Ulirushia kwenye paa la mita 15, na kimo cha mwisho kimeandikwa -15. Utaanza kutafuta wapi, juani au ardhini?

2. Ni mwezi wa Januari, na chombo kilipoteza setilaiti kikiwa juu ya Upanga. Ukanda wako wa kutafuta utaelekea upande gani?

3. Unakiona chombo chako juu ya waya wa umeme, na jirani anakupa mti mrefu. Utamjibu nini?

Mtumiaji anayeweza kujibu la tatu bila kusita amelielewa somo. Chombo kina bei na kinaweza kununuliwa tena. Mtoto aliyepanda mwembe wenye nyaya hana bei.