Uzi Ukatwe Wapi? Kufundisha Mzunguko wa Maisha ya Vimelea

Wanachuo wengi wafundishapo vimelea huchora duara ubaoni, wakatia mishale, kisha wakawaamuru wanafunzi wanakili. Duara hunakiliwa vizuri, lakini halimfikirishi mtoto. Twapendekeza wanafunzi wa darasa la sita wapewe tatizo la kweli walitatue, na hapa twalitwaa la mji wa Zürich, nchini Uswisi.

Takriban robo ya mji huo ni msitu. Humo huishi mbweha wekundu, ambao usiku huingia bustanini na majalalani kutafuta chakula. (Hawa si mbweha wa nyika zetu, mwalimu aeleze mapema, la sivyo watoto watachora mnyama mwingine.) Katika utumbo wa mbweha hukaa tegu mdogo mno, mwenye urefu wa milimita chache tu, wala mbweha haonekani kuugua. Mayai hutoka na kinyesi, yakaangukia majani, na panya wa mashambani huyala. Lava hukua katika ini la panya kama uvimbe. Mbweha amlapo panya, mzunguko hukamilika. Binadamu naye akiyameza mayai, lava huweza kuliharibu ini lake kwa miaka 5 hadi 15 kabla hajajitambua kuwa mgonjwa.

Wanafunzi watatu washike kadi za mbweha, yai na panya, waunganishwe kwa uzi uliofungwa duara. Wa nne, mwenye kadi ya binadamu, aunganishwe na yai peke yake. Uzi wake hauendelei popote, kwa kuwa mbweha hamli binadamu. Ndipo mwalimu aulize: uzi tuukate wapi?

Aghalabu jibu la kwanza huwa kuwaua mbweha. Jibu hilo lisikataliwe, bali lipimwe. Karibu na Nancy, nchini Ufaransa, mbweha waliwindwa kwa miaka 4. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba idadi yao haikupungua, na walioambukizwa walipanda kutoka asilimia 40 hadi 55. Yaelekea mbweha vijana kutoka kwingine walizijaza nafasi zilizoachwa. Huko Zürich, tangu mwaka 2000, watafiti walijaribu kutawanya vyambo vyenye dawa ya prazikwanteli kila mwezi, na dalili za tegu katika vinyesi zikapungua sana. Dawa hiyo haizuii maambukizi mapya. Wanafunzi waulizwe, basi, kwa nini vyambo vilirudiwa kila mwezi.

Kipindi kifuatacho kadi zibadilishwe: mbwa badala ya mbweha, mbuzi badala ya panya. Huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, tegu mwingine wa jamii hiyo hiyo hupita kwa wanyama hawa na amewadhuru watu wengi. Swali liwe lile lile, ila safari hii mwalimu anyamaze mpaka mtoto mmoja ataje maini mabovu yanayotupiwa mbwa machinjoni.