Baada ya Upasuaji wa Tumbo, Usirudi Mwanini kwa Pupa

Mwanamke wa Uroa, Unguja, aliyejifungua kwa upasuaji hana kazi nyepesi inayomsubiri. Bamvua likifika na maji yakapwa, shamba la mwani linataka kuinama kwa saa kadhaa, kufunga mbegu kwa taitai, kupigilia mambo (vijiti) mchangani, kisha kubeba polo la mwani mbichi hadi nchi kavu. Zote ni kazi za misuli ya tumbo, kiuno na mgongo. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara Unguja mwaka 1989, wengi wanaokishughulikia ni wanawake, na makala haya yanawalenga wao kwanza. Mvuvi aliyepasuliwa ngiri naye atafaidika, ila afuate ruhusa ya daktari wake.

Ngozi ya juu hufunga mapema, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Chini yake kuna utando mgumu unaoishikilia misuli ya tumbo, nao hupona polepole kwa miezi. Hata baada ya miezi mitatu kovu huwa na takriban asilimia 80 tu ya nguvu za awali. Ukilikaza kabla ya wakati wake, utumbo unaweza kupenya kwenye mshono na kuleta ngiri.

Arubaini yetu, zile siku arobaini za mapumziko ya mzazi, inamfaa sana aliyepasuliwa, kwa sababu inamwondolea kuni, ndoo na kibao cha mbuzi. Lakini kupumzika si kulala kutwa. Mzazi aamke na kutembea tangu siku za mwanzo, hata kama ni ukumbini na uani tu, ili damu isigande miguuni na mapafu yasijae makohozi. Mkaja, kile kitambaa cha kufungia tumbo, nao hauna ubaya ukifungwa kwa wastani. Hupunguza maumivu wakati wa kutembea. Ukikazwa mno husukuma uzito chini, kwenye misuli inayozuia mkojo, wala haufanyi kazi ya misuli yenyewe. Na mkandaji asikande wala kumimina maji ya moto juu ya mshono. Hili wakwe na bibi zetu waambiwe kwa adabu, lakini waambiwe.

Kuamka kitandani ni zoezi la kwanza. Usijiinue kwa kichwa na kifua. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Kitanda cha kamba kilicholegea hufanya jambo hili kuwa gumu, basi tafuta kilicho imara. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto juu ya mshono. Chooni usijikamue, kunywa maji na kula papai na mboga za majani.

Mpira wa mkojo ukishatolewa, na daktari akiridhia, anza zoezi hili ambalo mimi nalithamini kuliko yote. Lala chali, magoti juu, viganja chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua, tumbo lipande lenyewe. Toa pumzi taratibu kwa mdomo, kama unayepuliza uji wa moto, huku ukilivuta tumbo la chini ndani polepole na kubana kama unayezuia mkojo. Hesabu hadi tatu ukiendelea kupumua, kisha achia kabisa. Kuachia ni muhimu sawa na kubana. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kuhisi mvuto kidogo ni kawaida. Ukihisi mchomo, acha. Likishazoeleka, telezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha, halafu kingine, tumbo likiwa limebanwa vilevile.

Kwa wiki sita usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Kwa kalenda ya pwani, hayo ni kama mabamvua matatu ya kukaa nyumbani. Maji ya bahari yasubiri hadi kidonda kifunge kabisa. Mazoezi ya kulala chali na kuinua kifua yaache mpaka miezi mitatu ipite na mtaalamu wa viungo akukague.

Homa, usaha, harufu mbaya, mshono kufunguka, damu nyingi, kutapika huku tumbo limevimba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana: usingoje gari ya kesho, nenda hospitali.

Siku ya kurudi mwanini, anza na kufunga mbegu ukiwa umekaa kivulini. Bamvua linalofuata, ingia shambani kwa muda mfupi. Polo lijazwe nusu na libebwe na watu wawili; piga magoti badala ya kukunja mgongo, liweke karibu na mwili, na toa pumzi wakati wa kuinua. Ukiona uvimbe unatokeza kwenye kovu unapokohoa, au mkojo unakutoka miezi kadhaa baadaye, rudi ukaonwe. Yote mawili yana tiba.