Usingizi Usio Usingizi: Dawa za Jamii ya Afyuni na Wajibu wa Familia

Usiku wa manane mama apita mbele ya chumba cha mwanawe mwenye umri wa miaka 19. Asikia mkoromo mzito, wenye mlio kama wa maji kooni. Ajisemea kwamba kijana amechoka, heri alale. Kulipopambazuka kijana haamki tena. Mikasa ya namna hii imetokea katika nyumba nyingi duniani, na aghalabu aliyekuwa karibu hakuwa mzembe. Hakujua tu kwamba mkoromo ule haukuwa wa usingizi, bali ulikuwa wa pumzi inayokatika. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kisayansi jambo linalotendeka mwilini katika saa hiyo, na yale ambayo familia, shule na jamii zaweza kufanya ili saa hiyo isifike.

Asili ya dawa hizi

Afyuni, ambayo pia huitwa kasumba, ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Tunda lake bichi likichanjwa hutoa utomvu mweupe, nao ukikauka hugeuka rangi ya kahawia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga kutoka katika afyuni kemikali iliyopewa jina la mofini. Mwaka 1874 huko London mkemia C. R. Alder Wright alibadili mofini akapata kemikali nyingine, ambayo mwaka 1898 ilianza kuuzwa kama dawa ya kikohozi kwa jina la heroini. Hatari yake ilitambulikana baadaye.

Mofini ingali dawa muhimu hospitalini, hasa kwa wagonjwa wa saratani na majeruhi wenye maumivu makali. Katika jamii hiyo hiyo wamo pia tramadoli, methadoni na fentanili. Kwa hiyo suala si kwamba dawa hizi ni mbaya zenyewe, bali ni nani azitumia, kwa kiasi gani, na kwa uangalizi wa nani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imejulikana tangu miaka ya 1980. Kwa miaka mingi imeletwa kwa majahazi kuvuka Bahari ya Hindi, na sehemu ya shehena hiyo imebaki katika miji ya pwani na kuharibu vijana. Marekani, ambako fentanili iliyotengenezwa kwa magendo ilienea, vifo vilivyotokana na kuzidisha dawa za kulevya vilipita 100,000 katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023, na vingi kati yake vilitokana na dawa za jamii hii.

Kinachotendeka mwilini

Mtu akibana pumzi, baada ya muda mfupi hushikwa na hamu kubwa ya kupumua. Hamu hiyo haitokani hasa na upungufu wa oksijeni. Yatokana na ongezeko la kabonidioksaidi katika damu. Katika shina la ubongo mna seli za neva zinazopima ongezeko hilo, na kila linapotokea huamuru misuli ya kifua na kiwambo kufanya kazi. Ndiyo maana binadamu hupumua hata awapo usingizini.

Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi maalumu ambavyo dawa za jamii ya afyuni hujishikiza kwavyo, kama ufunguo katika kitasa. Miaka miwili baadaye ilibainika kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali za kushikamana na vipokezi hivyo ili kutuliza maumivu. Vipokezi hivyo vimo pia katika seli zinazoongoza upumuaji. Dawa ikizidi, seli hizo hushindwa kuitikia kabonidioksaidi. Mtu hasikii kiu ya hewa wala hahangaiki. Pumzi zapungua kutoka 12 hadi 20 kwa dakika, ambayo ndiyo kawaida ya mtu mzima, na kuwa chache mno, kisha zakoma. Ubongo, ambao hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili, huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hatari huwa kubwa zaidi dawa inapochanganywa na pombe au dawa za usingizi.

Kwa nini anayerudi huwa hatarini zaidi

Atumiaye dawa kila siku mwili wake huzoea, hata kiasi cha jana kisitoshe leo. Akiacha, hupatwa na maumivu, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, hali ambayo vijana huiita arosto. Lakini akikaa majuma kadhaa bila dawa, uzoevu huo hupungua. Kiasi alichokimudu zamani sasa chaweza kumwua. Kwa sababu hiyo majuma ya kwanza baada ya kutoka gerezani, hospitalini au katika nyumba ya upataji nafuu ni ya hatari kubwa. Familia inayompokea kijana wake yapasa kulijua jambo hili, na kumwambia waziwazi bila ya kumdhalilisha.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili kuu ni tatu: haamki hata akiitwa kwa sauti na kutikiswa, apumua polepole sana, kwa kukoroma, au hapumui kabisa, na mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya kalamu. Midomo na kucha huweza kugeuka rangi ya samawati au kijivujivu. Aonaye dalili hizo na afanye haya:

1. Amwite mgonjwa kwa sauti kuu na kumsugua mfupa wa kifua kwa ngumi.
2. Aite msaada na kutafuta usafiri wa hospitali mara moja.
3. Ikiwa hapumui, amlaze chali, ainue kidevu chake, abane pua, ampulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5, kifua kikionekana kuinuka. Mapigo ya moyo yakikosekana, aliyefunzwa aanze kukandamiza kifua.
4. Ikiwa ipo dawa ya naloksoni, itolewe.
5. Akipumua mwenyewe, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, wala asiachwe peke yake.

Maziwa, maji baridi na kumtembeza mgonjwa havisaidii, na huweza kumpalia au kupoteza dakika zenye thamani.

Naloksoni hujishikiza kwenye vipokezi vile vile na kuiondoa dawa iliyoingia, na pumzi huweza kurejea ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake hudumu kwa dakika 30 hadi 90 tu, ilhali baadhi ya dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Hivyo aliyezinduka hana budi kufikishwa hospitalini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza naloksoni ipatikane kwa watu wanaoweza kushuhudia tukio kama hilo, wakiwamo jamaa na marafiki.

Kinga nyumbani na shuleni

Ubongo wa kijana, hasa sehemu ya mbele inayopima matokeo ya matendo, huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20. Kwa hiyo kila mwaka anaoupitisha bila kuonja dawa ni faida. Uzoefu wa nchi nyingi waonyesha kuwa hotuba za kutisha pekee hazizuii. Kinachosaidia ni mzazi kujua mwana yuko wapi na nani, kanuni za nyumbani zilizo wazi, na mazungumzo ya mara kwa mara. Dawa kali za maumivu zifungiwe kabatini, na zinazosalia zirudishwe kwa mfamasia. Mwalimu aonapo mwanafunzi aliyebadilika, aite familia kabla ya kufikiria kumfukuza, kwani shule ni mojawapo ya ngome zake.

Aliyekwisha kunaswa ni mgonjwa anayetibika. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, ambayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na kumwondolea mgonjwa arosto, hata akaweza kurudi kazini na kwa jamaa zake. Kumwita “teja” humfanya ajifiche, naye aliyejificha hana wa kusikia mkoromo wake.

Maswali ya kujipima

1. Hesabuni pumzi zenu kwa dakika moja mkiwa mmeketi. Linganisheni na kiwango kilichotajwa.
2. Pulizeni pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa. Kwa nini yabadilika kuwa meupe? Badiliko hilo lahusianaje na hamu ya kupumua?
3. Mgonjwa amezinduka kwa naloksoni saa 4:00 usiku, naye ataka kwenda kulala. Elezeni kwa nini asiachwe peke yake saa 5:30.