Madhumeha nchini India: ugonjwa, neno na kiuno

Neno madhumeha limetoka mbali. Ni neno la Kisanskriti: madhu ni asali, na meha inahusu mkojo. Waganga wa kale wa India, ambao mafundisho yao yamehifadhiwa katika vitabu vinavyoitwa kwa majina ya Charaka na Sushruta, waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani ulikuwa mtamu na ulivuta sisimizi. Waliwagawa hata wagonjwa wenyewe katika makundi mawili: wembamba ambao ugonjwa huwaanza mapema, na wanene wanaopenda kula sana na kukaa. Mtu wa mtaani hapa kwetu hasemi madhumeha. Husema tu kwamba fulani ana sukari, lakini hata hivyo hajaikwepa India, kwa sababu sukari nayo ilianzia katika Kisanskriti, ikapita kwa Waajemi na Waarabu hadi ikatufikia.

Nchi iliyotoa maneno hayo mawili leo ina wagonjwa wengi mno. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Baraza la India la Utafiti wa Tiba uliwapima watu wazima zaidi ya 113,000 katika majimbo yote, mijini na vijijini, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2023. Ulikadiria kwamba watu milioni 101 wana kisukari, yaani asilimia 11.4 ya watu wazima, na wengine milioni 136 wako katika hali ya kukikaribia. Jimbo la Goa lilipita asilimia 26, huku Uttar Pradesh, jimbo kubwa na maskini, likiwa chini ya asilimia 5. Unene wa tumbo ulikutwa kwa watu karibu 40 katika kila 100. Tofauti hiyo ya majimbo isitufariji upesi. Katika Uttar Pradesh, walio katika hali ya kukikaribia kisukari ni wengi kuliko wagonjwa, maana yake wimbi bado liko njiani.

Kwa nini Wahindi? Jibu la haraka ni kwamba wametajirika na wanakula sana. Lina ukweli kidogo, ila halielezi kwa nini mwalimu mwembamba wa Pune au dereva wa Chennai anaugua akiwa na miaka 35. Mwaka 2004 madaktari wawili, C. S. Yajnik wa Pune na John Yudkin wa London, walichapisha picha yao wakiwa wamesimama pamoja. Ukigawanya uzito wa kila mmoja kwa kipeo cha pili cha kimo chake, wote wawili walipata 22.3, kipimo cha mtu mwenye afya. Lakini mafuta katika mwili wa Yudkin yalikuwa asilimia 9.1, na katika mwili wa Yajnik asilimia 21.2. Picha hiyo moja ilifundisha kuliko majedwali mengi. Mizani haitofautishi msuli na mafuta, wala haionyeshi mafuta yamejificha wapi. Kwa Wahindi wengi hujikusanya tumboni, kuzunguka ini na viungo vingine vya ndani, na hapo huifanya insulini, homoni ya kongosho inayoiruhusu sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli, isifanye kazi yake vizuri.

Yajnik na wenzake walikuwa wameanza kulitafuta chimbuko hilo mapema zaidi, tumboni mwa mama. Watoto waliopimwa katika vijiji vilivyo karibu na Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wakati wenzao wa Southampton, Uingereza, walikuwa na kilo 3.5. Watoto wa Pune walipungukiwa msuli na viungo, lakini mafuta chini ya ngozi yao hayakupungua kwa kiasi hicho. Mama aliyekula kidogo huzaa mtoto ambaye mwili wake umejiandaa kwa uhaba. Mtoto huyo akikua na kukuta wali mwingi, mafuta ya kukaangia na kazi ya kukaa, maandalizi yale yanamgeukia. Hivyo njaa ya jana na shibe ya leo ni sehemu za habari moja. Wahindi waliohama waliupata mkasa huo kabla ya ndugu zao: huko Southall, London, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa Waasia karibu mara nne kuliko kwa Wazungu wa mtaa huohuo.

Tukija kwenye sahani, jambo kuu ni wanga. Karibu asilimia 62 ya nguvu anayoipata Mhindi kwa chakula hutoka katika wanga, hasa mchele mweupe kusini na mashariki, na ngano kaskazini. (Sisi wa bukari tusicheke: sahani yetu nayo ina kilima cha wanga na kijiko cha mboga.) Serikali yenyewe imeingia humo bila kukusudia. Sheria ya chakula ya mwaka 2013 inawapa mamia ya mamilioni ya watu kilo 5 za nafaka kwa mwezi kwa kila mtu, na nafaka hiyo ni mchele na ngano zaidi ya kitu kingine. Sheria hiyo imeokoa watu na njaa, na sioni haki ya kuilaumu. Lakini uwele, mtama na ulezi, vyakula vya zamani vya wakulima wa Rajasthan na Karnataka, vilikwisha kusukumwa pembeni, huku dengu na mboga zikibaki ghali kwa maskini. Ongeza mafuta ya mawese, ambayo India huyaagiza kuliko nchi nyingine yoyote, na chai yenye sukari mara kadhaa kwa siku.

Kuhusu kuzuia, India haina upungufu wa ushahidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 chini ya A. Ramachandran wa Chennai liliwafuata watu 531 waliokuwa karibu kuugua. Baada ya miaka 3, asilimia 55 ya walioachwa na ushauri wa kawaida tu walikuwa wagonjwa. Kwa waliosaidiwa kubadili chakula na kutembea, ilikuwa asilimia 39. Dawa ya metformin ilifanya karibu vilevile, na kuunganisha njia zote mbili hakukuongeza kitu.

Jaribio lake la baadaye litawavutia wanafunzi wa lugha. Wanaume 537 waligawanywa: kundi moja lilipewa ushauri mara moja tu, la pili likaendelea kupokea ujumbe mfupi kwa simu, ulioandikwa kulingana na hatua ambayo kila mtu amefikia katika kubadilika kwake. Baada ya miaka 2, waliougua walikuwa asilimia 27 katika kundi la kwanza na 18 katika la pili. Sentensi chache, zikitumwa kwa mtu anayefaa kwa wakati unaofaa, zilipunguza ugonjwa kwa theluthi. Tunaosoma pragmatiki hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini.

Huko Chennai pia, wakazi wa mtaa mmoja wa watu wa kipato cha kati walielimishwa juu ya kisukari, wakachanga fedha zao na kujenga bustani ya kutembelea. Wanaofanya mazoezi zaidi ya mara 3 kwa wiki walipanda kutoka asilimia 14 hadi 59. Mtaa wa vibanda hauna kiwanja wala michango ya namna hiyo, na hapo ndipo mfano huu unapoishia.

Kodi nazo zimejaribiwa. Kerala ilitoza asilimia 14.5 kwa baga na piza za mikahawa yenye majina mwaka 2016, lakini vitafunio vya kukaangwa barabarani, ambavyo wengi ndivyo wanavyokula, havikuguswa. Lililo na maana zaidi, kwa maoni yangu, ni kubadili vipimo. Mwaka 2009 madaktari wa India walikubaliana kuhesabu unene kuanzia 25 badala ya 30, na kupima kiuno: sentimeta 90 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Na kwa wajawazito, kuna kipimo cha gharama ndogo kinachotumika India: mama hunywa gramu 75 za glukosi, na damu yake hupimwa baada ya saa 2, awe amekula au hajala. Akifikisha miligramu 140 kwa desilita, anaanza kutunzwa. Aliyetoka kijijini kwa basi alfajiri, akiwa amekwisha kunywa chai yake, hupimwa siku ileile na kurudi nyumbani.